Gari Moja, Viungo vya Wengi

Kitu kinachoondolewa sehemu zake moja moja na kutiwa nyingine, je, hubaki kitu kile kile? Swali hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia habari za jahazi la Theseus, ambalo watu wa Athens walilihifadhi kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama jahazi ni lile lile au silo. Thomas Hobbes, Mwingereza, akalizidisha ugumu mwaka 1655: mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuziunga tena, lipi katika majahazi mawili ndilo la Theseus?

Siku hizi swali hilo limeingia gerejini. Huko Marekani wako watu wengi wanaofufua magari ya miaka ya 1960, yale wayaitayo magari ya misuli kwa kuwa yalitiwa injini kubwa katika bodi ya kadiri. Mojawapo lenye sifa ni Pontiac GTO, iliyotokea katika matoleo ya mwaka 1964, yenye injini ya silinda 8 na ukubwa wa lita 6.4 hivi. Magari hayo yameliwa na kutu, na jina lenyewe la Pontiac lilikoma mwaka 2010. Basi fundi hutwaa mlango katika gari hili bovu, madigadi katika lile, boneti katika la tatu. Vingine hukubaliana, vingine hukataa: gari la 1964 lina taa za mbele zilizokaa ubavu kwa ubavu, na la 1965 lina taa zilizopandana. Atakayeunga uso wa hili na mwili wa lile atatambuliwa na kila ajuaye.

Je, fundi huyo ametenda kosa? Sisi twasema hapana. Kuokoa kilicho kizima katika kitu kilichokufa ni kazi njema, nayo ni bora kuliko kuacha vyote vioze. Hata kwetu, gari la kazi hupita njiani likiwa na mlango wa rangi nyingine, wala hakuna adanganywaye. Mlango wenyewe wajieleza.

Ubaya hauanzi penye kuunga, bali penye kuficha. Mwaka 1964 na 1965, GTO haikuhesabiwa kuwa gari la namna yake peke yake. Ilikuwa ni nyongeza aliyolipia mnunuzi juu ya gari la jamii ya Tempest. Kwa hiyo namba iliyopigwa katika gari la miaka hiyo haionyeshi kama lilitoka kiwandani likiwa GTO. Ni tangu magari ya 1966 namba yaonyesha. Mtu aweza kutwaa gari la kawaida la 1964, akalitia injini, boneti na alama za GTO, akalipaka rangi moja juu ya yote, kisha akaliuza kwa bei ya lile lenye sifa. Hapo ndipo tuonapo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Muuzaji aweza kujitetea: “Sikusema uwongo, mnunuzi hakuniuliza.” Utetezi huu hautoshi. Mwenye kuipanga kazi yake ili swali lisiulizwe amekwisha kulijibu kwa uwongo, hata kama hakufungua kinywa. Rangi nayo ina maneno yake.

Wala asidhani kwamba amesalimika yule anayetengeneza kwa furaha yake mwenyewe, asiyekusudia kuuza. Gari hudumu kuliko mwenyewe. Akifa, mjane wake ataliuza kwa moyo safi kama alivyolijua, na mnunuzi atalipa kwa moyo safi vile vile. Wawili wasio na hila watakuwa wametiwa katika hasara na ugomvi kwa ajili ya ukimya wa marehemu. Kwa hiyo haitoshi fundi kuwa mwaminifu moyoni. Yampasa aandike: mlango huu ulitoka gari fulani, injini hii si ya kwanza. Karatasi hiyo na ifuatane na gari daima. Tena kumbukumbu za kiwanda cha Pontiac zimehifadhiwa, na mwenye gari aweza kuagiza nakala na kujua gari lake lilizaliwa namna gani.

Basi, twalijibuje lile swali la Theseus? Twaona kwamba ukweli wa kitu cha namna hii haumo katika usafi wa vipande vyake, bali katika habari zake zisizokatwa. Gari lenye viungo vya magari manne, likieleza wazi asili ya kila kimoja, ni gari la kweli. Lililokamilika kwa macho, lenye kuficha asili yake, ni la uwongo hata kama kila msumari wake watoka kiwanda kile kile. Anunuaye na aulize. Lakini auzaye na aseme kabla ya kuulizwa.