Kijana na Kitabu cha Mapenzi

Je, ni haki kumnyang'anya kijana kitabu kwa kuwa kinasimulia mapenzi au mambo ya majini? Wako wazazi, hapa Tabora mjini na hata Itetemia, palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, wanaolijibu swali hili upesi. Kitabu hutiwa motoni, na simu ya mkononi yenye hadithi za mfululizo hufungiwa sandukuni.

Wazazi hao hawana nia mbaya. Wanaogopa mambo mawili: kwamba hadithi ya maajabu itamzoeza mtoto uongo, na kwamba hadithi ya mapenzi itaamsha tamaa kabla ya wakati wake.

Hofu ya kwanza haina nguvu. Wasukuma na jirani zao wamesimuliana tangu zamani habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu, na za Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua tumbo akawatoa. Watoto waliozisikia hawakuwa waongo kwa sababu hiyo. Nami niliposoma Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, majini yake hayakunipoteza. Mna humo mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani. Adili, waliyemtosa baharini, ameamriwa kuwapiga kila usiku, naye moyo wake unaumia kwa ajili yao. Nikajiuliza: je, mimi ningewahurumia walionitendea hivyo? Manyani yale si ya kweli, lakini swali ni la kweli.

Hofu ya pili ni nzito zaidi. Ziko hadithi ambazo ndani yake kupenda ni uso mzuri, machozi na ahadi tu. Deni, ugonjwa, ukoo na malezi ya watoto havitajwi. Hizo ndizo zidanganyazo, wala hazihitaji jini hata mmoja. Binti asiyesoma kingine aweza kudhani kwamba yule aliyemtetemesha moyo amekwisha kumwapia, akaja kulipa kwa masomo yake na miaka yake.

Hata hivyo, moto si dawa. Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe iliyotolewa mwaka 1971, baba anagundua barua ya mvulana, naye anampiga binti yake vikali. Rosa amefunzwa kuogopa, hakufunzwa kuchagua. Akiwa masomoni, mbali na jicho la baba, anaangamia. Nilipokifunga kitabu hicho sikubaki na tamaa yo yote. Nilibaki na huzuni ya binti asiye na mtu wa kumwuliza. Ajabu ni kwamba kitabu kilichoonyesha madhara ya kukataza pasipo kufundisha, nacho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda.

Basi tofauti ya zamani na sasa ni nini? Hadithi za kale nazo zilikuwa na mauaji, hila na wivu wa wake wenza. Lakini mtoto hakuzisikiliza peke yake. Bibi alikuwapo kando ya moto. Mtoto aliuliza, naye alijibiwa. Kijana wa leo husoma usiku, peke yake, na linalomtatiza halala nalo kitandani. Upweke huo ndio wa kuogopwa kuliko kitabu chenyewe.

Yafaa basi mzazi akiombe kitabu, akisome, kisha aulize: Huyu kijana anayesifiwa, angemwuguza binti huyu akiugua? Angemtaka kama baba yake angefilisika? Mzazi asiyejua kusoma na asomewe na mwanawe, hasara haipo. Na kikiwa kitabu kichafu kweli kweli, akikatae, lakini akikatae baada ya kukijua, tena aseme sababu, maana katazo lenye sababu kijana hulichukua hata shuleni, na lile la fimbo huliacha mlangoni.

Katika mazungumzo hayo mzazi aweza kusikia maswali yasiyompendeza. Ni heri ayasikie leo kwa kinywa cha mwanawe, kuliko kuisikia kesho habari yake kwa mwalimu mkuu.