Mwache Mama Aende
Kumbukumbu la Torati 22:6–7

Musa anampa amri ndogo mtu aliye safarini. Ukikuta kiota njiani, na mama ameyalalia makinda au mayai, usimtwae mama pamoja na wanawe. Walimu wa Kiyahudi waliihesabu kuwa amri nyepesi, lakini thawabu yake, heri na siku nyingi, ni ileile anayoahidiwa anayewaheshimu baba na mama. Tendo la porini lisilo na shahidi Mungu amelipa uzito huo!

Naisoma nikiwafikiria sisimizi wavunaji, jamaa ya chungu wa Mithali 6. Mashambani Kilosa na katika mbuga za Mkata kule Mikumi utawatambua kwa makapi waliyoyatupa mlangoni mwa tundu lao. Chini mna maghala ya mbegu za nyasi. Mvua ikiilowesha akiba, huitoa nje, huianika juani, kisha huirudisha.

Ng'ambo watu huwafuga majumbani, na anayeanza huambiwa hawa hawasumbui, maana hula mbegu. Lakini bila malkia hakuna kundi. Baada ya mvua malkia huruka, akapandwa, akatua, akajing'oa mabawa na kuchimba. Mbegu ya dume aliyoipokea siku ile humtosha maisha yote. Hujifungia bila kula, na misuli iliyomrusha angani huyeyuka mwilini ikawa chakula cha wanawe wa kwanza.

Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja. Wawili kati yao, vijana wa Ubelgiji, walikutwa Naivasha na malkia wapatao 5,000 ndani ya vichupa vyenye pamba. Ni kweli porini wengi wa malkia hao wangeliwa kabla ya kutaga, lakini ndege nao Baba wa mbinguni huwalisha. Musa aliruhusu makinda yachukuliwe, mama aachwe. Biashara hii ya kuwauzia wafugaji wa ng'ambo humtafuta mama hasa, pamoja na kiota kizima alichokibeba tumboni.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi kuna sheria na askari. Kwenye shamba la baba yako Kilosa, jioni baada ya mvua, mnunuzi akikunong'oneza bei, uko peke yako na amri hii. Mwambie hapana.

Hamu ya kuwatazama ni njema. Sulemani mwenyewe aliitia moyo. Walimu wa shule ya Jumapili, wapelekeni watoto asubuhi kabla jua halijawa kali. Wamwage punje chache za ufuta kando ya njia ya sisimizi, kisha wachuchumae. Watamwona mmoja akiipapasa punje kwa vipapasio, akiinyanyua na kuyumba nayo hadi tunduni. Mwakani wapelekeni tena palepale.