Kwenye Mteremko, Miguu Ifanye Nini?

Kiswahili chetu kimeshatoa hukumu juu ya mteremko. Mtu anayetaka vitu rahisi tunasema anapenda mteremko. Aliyepata kazi bila kusota amepita kwa mserereko. Kijana akilalamika kuwa maisha magumu, anaambiwa mjini hakuna mteremko, pambana. Kwa hiyo nikiuliza swali la baiskeli, kwamba ukishuka kilima uendelee kukanyaga pedeli au uiache iserereke yenyewe, najua nauliza jambo ambalo lugha imelijibu kabla ya miguu. Anayeserereka ni mvivu.

Mimi sikubaliani na jibu hilo, ingawa pia siamini kwamba kila anayeserereka anapumzika.

Naishi Dodoma, kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Watu wa mbali hudhani uwanda maana yake ni nchi iliyolala kama meza. Aliyewahi kushuka kwa baiskeli kutoka Chimwaga, kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kuelekea mjini anajua sivyo. Miteremko ya huku mingi ni mifupi, na ukitoka kwenye lami, chini yake mara nyingi kuna korongo lenye mchanga, halafu kilima kingine.

Baiskeli yenyewe haikuzaliwa na uwezo wa kuserereka. Katika zile za zamani pedeli zilifungwa moja kwa moja na gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke. Kwenye mteremko mpandaji aliinua miguu akaiegemeza kwenye vyuma vidogo vya mbele, akaziacha pedeli zijizungushe peke yake. Kisha ikaja friwili, kile kidude cha gurudumu la nyuma kinacholia tik-tik-tik usipokanyaga. Ilienea kwenye miaka ya karibu na 1900. Ndani yake kuna vijino vinavyoshika ukikanyaga na kuteleza ukiacha. Yaani kuna mafundi walioumiza kichwa ili mpandaji aweze kutulia bila kusimama. Sioni kwa nini tuione aibu kazi yao.

Tena hesabu iko upande wao. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 100, amekaa wima kama tunavyokaa kwenye Phoenix, kwenye lami inayopanda mita 5 katika kila mita 100. Akipanda kwa nguvu ya wati 100, atakwenda kama kilomita 6 kwa saa. Akiongeza wati 100 nyingine, kasi itakaribia mara mbili, na katika kilomita moja ataokoa zaidi ya dakika 4. Sasa mgeuze ashuke. Bila kukanyaga kabisa atafika kama kilomita 40 kwa saa, hapo upepo unakataa kasi isiongezeke tena. Akikanyaga kwa wati 100 atafika kama 44. Katika kilomita moja ameokoa sekunde 8 hivi.

Jasho ni lilelile. Tofauti inaletwa na hewa, maana ukitaka kuipasua kwa kasi mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Na kwa baiskeli zetu zisizo na gia za kubadilisha, kwa kasi ya namna hiyo miguu ingetakiwa kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa dakika. Anayekutazama ataona mtu anayechapa kazi kweli, wakati cheni inavuta kidogo sana.

Najua kuna atakayenijibu kwa jina la Chris Froome. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa kwenye mchezo wa baiskeli na Mkenya David Kinjah. Katika Tour de France ya mwaka 2016 alifika juu ya mlima wa Peyresourde, upande wa Ufaransa karibu na Hispania, akiwa na washindani wake. Akawachomoka pale kileleni, akashuka huku amekalia bomba la baiskeli badala ya siti, kifua kimelala juu ya usukani na miguu inazunguka. Akashinda siku ile kwa sekunde 13 na kuvaa jezi ya njano. Mwaka 2021 UCI, shirikisho la mchezo huo duniani, lilipiga marufuku ukaaji ule kwa sababu za usalama.

Siubishii ushindi wake. Kwa Froome sekunde 13 zilikuwa na bei, na kulikuwa na watu wenye saa wakimsubiri chini. Wengi wetu tunakanyaga kwenye mteremko kana kwamba na sisi kuna mtu ameshika saa.

Lakini hesabu yangu ina kasoro moja, nayo niliionyeshwa na mjomba wangu. Yeye kwa miaka mingi alibeba mkaa kwa baiskeli, magunia mawili juu ya keria, akitokea upande wa Bahi. Bahi iko chini bondeni, kwa hiyo safari ya kuja Dodoma kwa jumla ni ya kupanda, na ndani yake kuna vishuko vyake. Nikamwambia angalau kwenye vishuko alikuwa anapumzika.

"Mjomba," akaniambia, "mlimani mzigo unakuvuta. Mteremkoni unakufukuza."

Akanieleza kwamba kupanda ni kazi ya kifua, unasukuma, ukichoka unaweka gogo, unasimama. Kushuka hakuna kusimama. Breki zinapata moto, vidole vinakufa ganzi, na ukikosea jiwe moja gunia linakupita kichwani. Sehemu nyingine alishuka chini, akaivuta baiskeli kwa nyuma kama mtu anayemzuia ng'ombe. Madereva wa malori wanaoteremka Sekenke, kule Iramba, wanaijua habari hiyo. Mwenye akili haitoi gari kwenye gia ili iserereke kuokoa mafuta, maana injini ndiyo inayosaidia kuushika mzigo.

Kumbe kuserereka kwa raha ni kwa asiye na mzigo. Mwenye mzigo hakanyagi na hapumziki. Kazi yake yote iko kwenye mikono, na sisi tulio pembeni ya barabara hatuioni. Tunachoona ni mtu anayeshuka, tukasema amepata mteremko.

Hapo ndipo swali linapoacha kuwa la baiskeli peke yake. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, mji ukatangazwa jiji mwaka 2018, vijana wengi wa rika langu tumepata ajira ambazo wazazi wetu wasingezipata hapahapa. Nyumbani wanaamini tunateleza tu. Namfahamu msichana ambaye ni wa kwanza kwao kuajiriwa, na mshahara wake una ada za wadogo zake watatu na dawa za mama. Ukimwambia apambane zaidi, unamwongezea kasi mtu anayetafuta breki. Ukimwambia atulie, afurahie mteremko wake, hujauona mzigo nyuma ya keria.

Kwangu mimi mzigo ni mwepesi. Lazima niseme hivyo wazi, maana wenye mizigo myepesi hupenda kuzungumza kama wabeba mkaa. Rafiki yangu ananisihi: "Kaka, huu ndio muda wa kukanyaga mafuta." Digrii ya pili jioni, kazi za ziada wikiendi, kiwanja cha pili kabla bei haijapaa tena. Hakosei kwamba mteremko huisha. Anayeserereka mpaka kwenye mchanga wa korongo akiwa hana mwendo atashuka asukume. Hata mwendesha baiskeli mzoefu hungoja mteremko ukikaribia kuisha, kasi ikianza kufa, ndipo anarudisha miguu kazini ili apande na mwendo wake.

Ila hesabu ya sekunde 8 na dakika 4 bado inanisumbua. Kama jasho langu huleta sekunde 8 hapa nilipo, na dakika 4 pale mtu anapopanda, basi mahali pa kulipeleka panajulikana. Wala si lazima mlima uwe wangu. Kwenye vilima vya huku nimeona mara nyingi mpita njia akiweka mkono nyuma ya gunia la mtu asiyemjua, wakasukuma pamoja mpaka juu, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mkono ule, kama angeutumia kujiharakisha kwenye tambarare, usingembadilishia siku.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, na kivuli ni halali ya aliyechuma. Nami ninakitaka changu. Ninachojiuliza ni nani mwingine bado yuko juani kwa ajili ya mteremko ninaoshuka. Mkaa wa mjomba ulilipa sehemu ya ada yangu ya sekondari.

Binti yake mwaka huu anarudia hesabu za kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nina jioni tatu kwa wiki zisizo na kazi. Digrii ya pili ingezichukua zote. Nimempa yeye mbili, tumeanza na logi, na ya tatu ninalala mapema.