Khutba ya Ijumaa: Haki ya Kipando Kilichozeeka

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumbia farasi, nyumbu na punda tuwapande na wawe pambo kwetu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake. Amma baad: enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, kumcha Mola wetu.

Juzi, baada ya swala ya alasiri, nilimwona hapa Lamu punda mkongwe amesimama kando ya ukuta wa pwani, kovu la soji mgongoni mwake limeota nywele nyeupe, akitafuna majani na kuyadondosha tena mabonge mabonge yenye mate, kwa kuwa magego yamemwishia. Na yule aliyembebesha mawe, mchanga na boriti miaka na miaka amekwisha kumfungua kamba na kumwacha ajitafutie. Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Je, ndugu zangu, hapa aliyepiga teke ni nani?

Imamu Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozitaja haki za wanyama juu yetu alieleza kwamba mwenye mnyama ni wajibu kumpa nafaka yake, hata akizeeka au akapatwa na maradhi yasiyomwachia tena manufaa yoyote. Na Mtume wetu, alipoingia bustani ya mtu katika Ansari, ngamia akamlilia machozi, alimpangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumkanya kwa kumshindisha njaa na kumchosha.

Basi aliyeacha kupanda, iwe ni farasi au punda, kwa uzee wa mnyama au kwa uzee wake yeye, ajue kwamba amana ingali shingoni mwake. Amkatie majani mafupi, na pumba aziroweke mpaka zilainike. Maji safi yasikatike horini. Kwato azichongeshe kila baada ya wiki sita hadi nane, maana kwato za mnyama asiyekwenda kazini hazisagiki, hurefuka zikampotoa mguu. Ampe kivuli, na mwenziwe wa kusimama naye. Asiyejimudu asione haya: tangu mwaka 1987 mji wetu una hospitali ya punda itibuyo bila malipo.

Zamani ulimlisha ili akufikishe safari yako, na nafsi yako ilikuwa na fungu lake katika chakula kile. Leo humngojei akufikishe popote. Basi kila konzi ya majani unayomwekea, ukitia nia, ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira, kwangu na kwenu.

Khutba ya Pili

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Ewe Mola wetu, tutie huruma kwa viumbe wako wasioweza kusema, na utuhurumie sisi siku nguvu zitakapotutoka, tukawa hatuna tena la kumfaa mtu, nasi tukingojea mkono wa kututilia maji kinywani. Amin.