Ustadi na Usalama

Methali moja husema ya kale ni dhahabu. Nyingine husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wenye hekima waliziacha zote mbili bila ya kuzipatanisha, kwa kuwa walijua kwamba mwanadamu huvutwa na pande hizo mbili maisha yake yote. Mvuto huo huonekana wazi sana kwa wapenzi wa magari ya spoti, yaani magari madogo mepesi yaliyotungwa kwa mbio na furaha ya kuendesha kuliko kubeba jamaa au mizigo. Wapenzi hao ni mafungu mawili. Fungu la kwanza hudai kuwa magari ya zamani ndiyo magari, na ya sasa ni mashine zinazomchukua mtu kama kifurushi. Fungu la pili hujibu kuwa magari ya sasa yana mbio zaidi, hayaharibiki ovyo, na humrudisha mtu nyumbani akiwa mzima. Ugomvi huu waweza kudhaniwa kuwa ni mchezo wa watu wenye fedha na nafasi. Lakini chini yake limelala swali lisilo mchezo hata kidogo: Je, mtu aliyezuiwa kukosa aweza kuitwa stadi?

Mfano mwema wa ugomvi huu ni gari la Kijerumani, Porsche 911, kwa sababu limedumu kwa jina moja, na kwa umbo linalotambulika, kwa zaidi ya miaka 60. Lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963 kwa namba 901, likabadilishwa namba baada ya kampuni ya Peugeot ya Ufaransa kudai haki ya namba zenye sifuri katikati. Injini yake ilikuwa na silinda sita, ikipozwa kwa hewa, na nguvu zake zilikuwa nguvu za farasi 130. Jambo la pekee lilikuwa mahali pa injini hiyo. Haikuwekwa mbele wala katikati, bali nyuma kabisa, ng'ambo ya magurudumu ya nyuma.

Mahali hapo palizaa tabia ya gari zima. Dereva aliyeingia katika kona kwa mwendo uliozidi kipimo, akaingiwa na hofu na kuondoa mguu ghafula katika mafuta, aliuhamisha uzito wa gari kwenda mbele. Magurudumu ya nyuma yalipungukiwa na mshiko, na mkia ulizunguka kama jiwe lililofungwa mwishoni mwa kamba. Basi hofu, ambayo mahali pengi humwokoa mtu, hapa ilimwangamiza. Aliyetaka salama alijifunza kupunguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa bado katika njia iliyonyoka, na kisha kukanyaga mafuta kwa utulivu ndani ya kona mpaka atoke. Mwaka 1968 waundaji walisogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 ili kuutuliza mkia. Lakini mwaka 1974 walionyesha gari la Turbo, lenye nguvu za farasi 260, ambazo hazikuja mara mguu ulipokanyaga. Zilisinzia kidogo, kisha ziliamka zote pamoja, na aghalabu ziliamka katikati ya kona. Wapenzi wenyewe walilipa gari hilo lakabu ya mfanya wajane.

Wapenzi wa zamani hawaikani hatari hiyo. Huitumia kuwa hoja yao. Husema kuwa gari lile lilikuwa mwalimu mkali asiyependelea mtu. Usukani haukusaidiwa na mtambo wowote, kwa hiyo kila kokoto ya barabara ilifika mikononi mwa dereva kama habari. Kosa dogo lilikemewa papo hapo, na jambo lililofanywa sawasawa lilijibiwa kwa raha ambayo haikununuliwa kwa fedha. Katika gari kama hilo mtu hakuweza kujidanganya. Alijua kipimo chake, kwa kuwa alikipata kwa mkono wake.

Hoja hii ina uzito, na waundaji waliuonja uzito wake. Mwaka 2013 walitoa gari la aina ya GT3 lenye gia za kujibadilisha peke yake. Gia hizo zilibadilika upesi kuliko mkono wa mtu yeyote, na hapakuwa na nafasi ya kuchagua nyingine. Wengi katika wapenzi walinung'unika. Mwaka 2016 kampuni ilitoa magari 991 ya aina iliyoitwa 911 R, yenye gia za mkono na kanyagio la klachi, na mwaka uliofuata gia za mkono zilirudishwa katika GT3 kwa aliyezitaka. Hapo pana la kufikiriwa. Watu walitoa fedha nyingi ili wapewe kitu kinachochelewa zaidi. Kama mbio zingekuwa ndiyo haja ya gari la mbio, jambo hilo lingekuwa wazimu. Si wazimu, kwa kuwa walichokitaka kilikuwa ni sehemu yao katika kazi. Mtu hapendi kufika tu. Ataka kufika kuwe ni tendo lake.

Sasa na isikilizwe hoja ya pili. Gari jipya lina breki zisizokubali magurudumu yafunge na kuteleza. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 gari la 911 limekuwa pia na mtambo unaolinganisha njia inayoelekezwa na usukani na njia ambayo gari linakwenda kweli. Njia hizo zikitofautiana, mtambo hukamata gurudumu moja tu kwa breki na kulirudisha gari katika mstari. Jambo hilo haliwezekani kwa dereva yeyote, hata akiwa bingwa, kwa kuwa yeye ana kanyagio moja la breki na gari lina magurudumu manne. Kulidharau ni kudharau uhai uliookolewa nalo.

Tena kumbukumbu ina hila. Huhifadhi mlio wa injini na kusahau kilio cha watu. Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, gari la Mercedes lililoendeshwa na Pierre Levegh liligonga gari jingine, likaruka na kuwaangukia watazamaji. Levegh alikufa, na pamoja naye watazamaji zaidi ya 80. Magari ya siku ile yangali yakitajwa hata leo kwa uzuri wao, na uzuri wao ni wa kweli. Lakini waliokufa hawakuwa wakijifunza ustadi. Walikuwa wamesimama kando. Mkanda wa usalama unaoshika bega na kiuno, uliotungwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, uliingia katika magari mwaka 1959 tu, na miaka mingi ilipita kabla haujawa desturi. Basi asifuye ugumu wa zamani ajiulize kwanza ni nani aliyeulipia. Ugumu ni haki ya kusifiwa na anayeubeba mwenyewe. Kusifu ugumu uliobebwa na mabega ya wengine ni jeuri iliyovaa nguo za heshima.

Hata hivyo hoja ya pili haimalizi neno, kwa kuwa usalama una mtego wake. Gari la 911 Turbo S la mwaka 2020 lina nguvu za farasi 650, mara tano za lile la kwanza. Nguvu hizo huitii mguu wa mtu aliyeanza kuendesha jana kama zinavyoutii mguu wa bingwa. Mwenye gari hupita kona kwa mwendo ambao ungemtupa babu yake msituni, na hajui ni mara ngapi mtambo ulimshika mkono katika kona hiyo. Akishuka hujisifu. Kwa hakika sifa hiyo si yake, na hatari yake ni kuwa haijui kuwa si yake. Mtambo hauwezi kuongeza mshiko ambao tairi na lami havina. Siku mpaka huo utakapovukwa, mtu huyo atakabiliwa kwa mara ya kwanza na jambo ambalo dereva wa zamani alilizoea.

Katika Safari Rally ya mwaka 1974, Björn Waldegård wa Uswidi aliongoza kwa gari la Porsche 911 mpaka lilipovunjika chini na kupoteza muda. Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa gari dogo la Mitsubishi Lancer. Nguvu ilikuwa upande wa Porsche. Lakini katika tope na mashimo ya Afrika ya Mashariki, ushindi ulihitaji kujua mahali pa kukimbia na mahali pa kulihurumia gari. Huko ndiko kujua kipimo, na hakuna dhamana ya kuwa aliye na nguvu nyingi zaidi atakuwa nako.

Mfano huu waonyesha kuwa ustadi ni wa namna mbili. Upo ustadi wa mkono na mguu, na upo ustadi wa hukumu. Ule wa kwanza waweza kuchukuliwa na mashine, na pengine ni vema uchukuliwe katika barabara inayotumiwa na watoto wa shule na wenye baiskeli. Wa pili haumwachii mtu. Mashine inayozuia mkia usizunguke haimwambii dereva kwamba mtaa huu si mahali pa mbio. Wala gari la zamani halikumwambia. Kwa hiyo mtu aliyezuiwa kukosa kwa mkono angali na nafasi pana ya kukosa kwa hukumu, na hapo ndipo jina la stadi hupatikana au hupotea.

Basi mafungu mawili ya wapenzi yana deni moja moja. Mpenzi wa gari la zamani ana deni la kuuchukua ugumu wake peke yake, katika uwanja wa mashindano au njia isiyo na watu, wala asimshirikishe mpita njia katika mafunzo ambayo hakuyaomba. Mpenzi wa gari jipya ana deni la ukweli: ajue sehemu ya mashine na sehemu yake, na asijivike taji la fundi aliyelala ndani ya chuma. Akilipa kila mmoja deni lake, ya kale yatakuwa dhahabu bila ya damu, na kipya kitakuwa kinyemi bila ya kidonda.