Chombo Huzeeka Lini?



Liko swali ambalo zamani liliulizwa juu ya jembe, baiskeli na redio, na siku hizi laulizwa juu ya kompyuta mpakato: je, chombo kikianza kuchoka, yapasa kukitengeneza, au kukiacha na kununua kingine? Wengi hulichukua kuwa ni swali la mfuko tu. Mwenye fedha anunue, asiye nazo atengeneze, na mazungumzo yaishe hapo. Sisi twaona kuwa ni swali la maadili pia, kwa sababu katika kulijibu twaonyesha jinsi tunavyopima thamani ya vitu, ya fedha, na hata ya watu.

Wahenga wametuachia methali mbili juu ya jambo hili. Moja yasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ya kwanza yaeleza jinsi moyo ulivyo, na ya pili jinsi moyo unavyopasa kuongozwa. Lakini methali haitoshi peke yake, maana mbachao ukiwa umeoza, kuung'ang'ania si hekima. Hatuna budi kwanza kujua uzee wenyewe ni wa namna gani. Kwa upande wa kompyuta twaona uzee wa namna tatu: uzee wa viungo, uzee wa amri, na uzee wa macho.

Tuanze na uzee wa viungo. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa miaka kumi au zaidi iliyopita huhifadhi kazi katika diski yenye sahani inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa kidogo kikitafuta habari juu yake mfano wa sindano ya gramafoni. Mashine inapochukua dakika kadhaa kuwaka, mara nyingi si kwamba imekwisha nguvu, bali inaisubiri diski hiyo. Fundi akiitoa na kuweka diski ya aina ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake, kompyuta ile ile huwaka upesi hata mwenyewe akashangaa. Kiungo cha pili ni memori, ambayo mafundi huiita RAM. Hii ni kama meza ya kufanyia kazi. Mwenye meza ya gigabaiti 4 akifungua mambo mengi kwa pamoja, mashine hulazimika kupeleka vitu kabatini na kuvirudisha kila mara. Akiongezewa hadi 8 au 16, nafasi hupatikana. Kisha liko vumbi katika feni, na iko betri, ambayo baada ya kuchajiwa mara mamia hupungua nguvu.

Vyote hivi husafishwa au hubadilishwa, na mara nyingi gharama yake ni sehemu tu ya bei ya mashine mpya. Hata hivyo tusidanganyane. Bei ya memori ilipanda sana kuanzia mwisho wa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye mitambo mikubwa ya akili mnemba. Kwa hiyo yafaa kuuliza bei kwanza, na pengine kuanza na diski. Tena ziko mashine nyembamba ambazo memori yake imechomelewa kwenye bodi, na hizo haziongezeki. Mwulize fundi akueleze kabla hujatoa fedha.

Uzee wa pili ni wa amri. Hapa mashine haijavunjika, na mwenyewe hana lalamiko, ila mtengenezaji wa programu ametangaza kwamba wakati wake umekwisha. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuipa marekebisho ya kawaida ya usalama, ingawa watu waliojiandikisha waliongezewa muda mpaka Oktoba 2026. Na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, yadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, pamoja na prosesa ambazo, kwa zile za Intel, kwa kawaida ni za kizazi cha nane na kuendelea. Hivyo mashine nyingi zilizokuwa nzima zilijikuta nje ya mlango.

Je, mtengenezaji ametenda haki? Tusimhukumu kwa haraka. Hakuna fundi awezaye kuahidi kuhudumia kitu kimoja milele, na miaka kumi si michache. Tena suala la usalama si hila. Kompyuta isiyopata marekebisho, ikiunganishwa na intaneti, yaweza kuingiliwa na wezi, na hasara haiishii kwa mwenye mashine. Mwizi huchukua namba za simu za jamaa zake, na kama ni mashine ya ofisi ya parishi, huchukua na hesabu za sadaka. Basi anayesema, "Yangu bado inafanya kazi," akaiacha bila kinga, asijidhanie kuwa mtunzaji. Anawahatarisha wengine.

Lakini amri hiyo yahusu programu, wala si mashine nzima. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alianzisha kiini cha programu kiitwacho Linux, kikatolewa kwa watu wakitumie na kukirekebisha. Leo ziko programu endeshi za bure zilizojengwa juu yake, zinazoendelea kupata marekebisho ya usalama na kukaa vizuri katika mashine nyingi za zamani. Mojawapo ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nayo yaitwa Ubuntu, neno ambalo sisi twalijua kwa sura ya utu. Mwenye kuzoea Windows atahitaji siku kadhaa za kujifunza, na ziko programu zisizokubali kufanya kazi humo. Ayaulize hayo mapema. Lakini kwa kuandika barua, kusoma, kuweka hesabu na kutafuta habari kwenye intaneti, mashine iliyotupwa nje ya mlango huingia tena ndani.

Uzee wa tatu ni wa macho, nao hauna fundi. Mama mmoja wa huku kwetu, ambaye binti yake alikuwa anakwenda chuo cha ualimu, alitujia na neno hili: "Mwalimu, ninayo kompyuta aliyoiacha marehemu kaka yangu. Fundi amesema akiweka diski mpya itamfaa mtoto. Lakini mtoto analia kwamba wenzake watamcheka. Nimefikiri kuuza ng'ombe wa maziwa nimnunulie mpya. Je, nikikataa nitakuwa nimemnyima haki yake?"

Ndugu msomaji, hilo ni zito kuliko habari zote za diski na memori. Hatukumwambia kwamba aibu ya binti yake ni upuuzi. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mtoto anayechekwa hunyamaza darasani, na anayenyamaza hujifunza kidogo. Lakini tulimwuliza, "Mama, maziwa ya ng'ombe huyo yananunua nini?" Akajibu kwamba yananunua sare na madaftari ya wadogo wawili wa binti huyo. Kumbe basi heshima ya mmoja mbele ya wenzake ingelipwa na wawili wasioulizwa.

Tena tulikumbuka kwamba binti huyo anakwenda kuwa mwalimu. Kesho atasimama mbele ya watoto, na baadhi yao watakuwa na sare zenye viraka. Akianza kazi akiamini kwamba thamani ya mtu husomwa juu ya mfuniko wa kompyuta yake, atawafundisha hivyo hata bila kutamka neno. Tulimshauri mama ampeleke binti mwenyewe kwa fundi, akae atazame inavyofunguliwa, ashike bisibisi kwa mkono wake, ajue kila kiungo na kazi yake. Mtu huona haya zaidi kwa kitu alichopewa tu kuliko kwa kitu anachokijua. Na ikiwa masomo yatadai kazi ambayo mashine hiyo haiiwezi, hapo wazungumze upya. Uamuzi tuliwaachia wenyewe.

Iko pia gharama ambayo haiandikwi dukani. Sehemu kubwa ya nishati na moshi wa kompyuta mpakato ya kawaida hutumika kiwandani, kabla mnunuzi hajaiwasha mara ya kwanza. Betri za namna hii aghalabu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa sehemu za Kolwezi, ambako wako wanaochimba kwa mikono katika mashimo ya hatari, hata watoto wakiwamo. Na mwisho wa safari uko vile vile: taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yasema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu.

Mtu atasema, "Nisiponunua, mchimbaji wa Kolwezi atakula nini?" Swali hilo ni la haki. Kompyuta moja iliyotengenezwa haimwokoi mchimbaji, wala moja iliyonunuliwa haimtajirishi. Anachodai mchimbaji ni mgodi salama na malipo ya haki, na hayo yanahitaji serikali na makampuni. Sehemu yetu ni ndogo zaidi: jasho lake lililokwisha kumwagika katika mashine iliyo mezani kwetu tusilitupe kabla halijatumika lote.

Hata hivyo tujihadhari na kosa la upande wa pili, nalo ni kuubariki ubahili na kuuita utunzaji. Wale wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 hapa Tanzania, bidhaa zilipokuwa adimu madukani. Tulitia viraka kila kitu, kuanzia mipira ya baiskeli hadi ndoo. Haukuwa wema wetu. Ilikuwa dhiki. Wema huanza pale mtu anapoweza kununua, akachagua kutengeneza kwa sababu anayoweza kuieleza. Na ziko nyakati ambazo kununua ndiko sahihi. Bodi ikiungua, matengenezo yakikaribia bei ya mashine nyingine nzuri, au karani akipoteza saa nzima kila siku akingoja, kumlazimisha aendelee ni kuiba muda wake. Vile vile, kumpa maskini mashine iliyokufa na kuiita zawadi ni kumhamishia takataka zetu.

Basi chombo huzeeka lini? Twajibu hivi: huzeeka pale kisipoweza tena kufanya kazi iliyotufanya tukihitaji, hata kikitengenezwa, au pale kisipoweza kuifanya bila kuwadhuru wengine. Umri wake, tangazo la dukani na macho ya jirani havitoshi. Kwa hiyo kabla ya kununua, andika kwenye karatasi kazi tatu unazofanya kwa kompyuta kila juma, uipeleke karatasi hiyo pamoja na mashine kwa fundi mwaminifu, ukamwulize kama zaweza kufanyika humo kwa usalama na kwa gharama gani. Na ukiona lazima kununua nyingine, ile ya kwanza usiifungie kabatini. Nakili kazi zako, uzifute humo kabisa, betri iliyovimba itolewe na fundi, kisha umpe mtu ambaye itamfaa kweli, au mwachie fundi achukue viungo vilivyo hai kwa ajili ya mashine ya mwingine.