KIDOGO KIDOGO, LAKINI MPAKA MWISHO

Somo letu ni Kutoka 23:29-30 na Waamuzi 1:27-36.

Wapendwa wengi wananiuliza: "Mchungaji, niliokoka na nikabatizwa, mbona hasira ile ile bado ninayo? Mbona pombe bado inaniita? Mbona nikikutana na mtu wa kabila lililochoma kijiji chetu, moyo unawaka?" Wengine wameanza kukata tamaa, wakidhani wokovu wao haukuwa wa kweli.

Ndugu yangu, usikate tamaa. Mungu aliwaahidi Israeli nchi ya Kanaani, lakini aliwaambia wazi kwamba hatawaondoa adui zao katika mwaka mmoja. Angewaondoa kidogo kidogo. Sababu aliitoa mwenyewe: watu walikuwa bado wachache, na nchi ikibaki tupu ingejaa wanyama wa mwitu.

Sisi tunaoshika jembe tunaelewa. Ukifyeka shamba zima kwa siku moja, nawe huna mbegu wala nguvu za kulipanda, mvua ikinyesha magugu yanarudi kuliko mwanzo. Afadhali ufyeke kipande, ulime, upande maharage, ndipo usogee mbele. Hivyo ndivyo Mungu anavyofanya kazi moyoni. Hang'oi tu, anapanda pia. Mtu akiacha pombe lakini asipate maombi, kazi ya mikono na marafiki wapya, nafasi ile inabaki tupu. Bwana Yesu alituonya juu ya nyumba iliyofagiwa ikabaki bila mwenyeji (Mathayo 12:43-45).

Lakini sikilizeni vizuri. Katika Waamuzi sura ya 1 tunaona jambo lingine. Israeli walipopata nguvu, hawakuwafukuza Wakanaani. Waliwafanyisha kazi ngumu. Hapo tatizo halikuwa udhaifu tena. Walikuwa wameona faida! Kidogo kidogo ya Mungu waliigeuza kuwa mapatano na adui.

Na sisi je? Baba anasema, "Nisipopiga kelele nyumbani, sitaheshimiwa." Hasira imekuwa askari wake. Mwingine anasema, "Bila kudanganya idadi ya watoto wakati wa kuandikishwa, tutalala njaa." Uongo umekuwa mpishi wake. Na mwingine, mwenye jeraha kubwa zaidi, anasema, "Nikiacha kuwachukia, nitakuwa nimewasaliti marehemu wangu." Chuki imekuwa mlinzi wa makaburi yake. Dhambi uliyoipa kazi nyumbani mwako haitaondoka yenyewe. Mungu alisema itakuwa miiba ubavuni (Hesabu 33:55).

Tena, tusikosee. Mkanaani wetu si mtu. Hapa Nakivale tumekusanyika kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na wengi wetu tulikimbia kwa sababu watu fulani waliamua kwamba jirani zao ndio wa kufukuzwa. Mtume Paulo anasema vita vyetu si juu ya damu na nyama (Waefeso 6:12). Anayetakiwa kufukuzwa si jirani yako, bali ile chuki yako juu yake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, itaje dhambi kwa jina lake. Usiseme "udhaifu wangu". Sema "uongo", sema "chuki". Itaje mbele za Mungu, na kwa ndugu mmoja anayetunza siri (Yakobo 5:16).

Pili, anza na kipande kimoja. Kama ni chuki, wiki hii mwombee mtu yule kwa jina. Wiki ijayo msalimie kwenye foleni ya maji. Baadaye utaweza kuketi naye benchi moja kanisani. Kusamehe si kusema kwamba hakuna aliyekufa, wala si kukataa haki. Ni kumwachia Mungu kisasi, nawe ukalala usingizi (Warumi 12:19).

Tatu, ukianguka, simama. Mwenye haki huanguka mara saba akainuka (Mithali 24:16). Lakini jiulize kila mwezi: je, mpaka umesogea? Kama miaka kumi umesimama pale pale, usiseme "ni kidogo kidogo". Huo ni mkataba na adui.

Wapendwa, Wayebusi walikaa Yerusalemu kizazi baada ya kizazi, na Yuda hawakuweza kuwatoa (Yoshua 15:63). Hata siku Daudi alipofika, walimcheka wakisema hataingia. Akaingia, akaitwaa ngome ile (2 Samweli 5:6-9). Na katika mji ule uliokataa kutekwa, ndimo baadaye hekalu la Bwana lilimojengwa! Pengine kona ile ya moyo iliyokushinda miaka yote, ndipo Mungu anapotaka kujenga.

Yeye aliyeanza kazi njema ndani yetu ataimaliza (Wafilipi 1:6). Tumpe na kona ile. Amina.

Ni mimi mtumwa mwenzenu katika Kristo,
Mchungaji wenu